Taa Inayosubiri Mkono: Mwongozo wa Kihisi cha Ukaribu na Mguso kwa Nyumba ya Mabati

Swichi ya taa hutafutwa gizani, na hapo ndipo inapomshinda mtu. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi kule Gatwekera au Laini Saba, Kibera, mtoto akilia saa nane usiku na stima imepotea, mama hupapasa ukuta, kisha ndoo, kisha mguu wa aliyelala, ndipo aifikie tochi. Mwongozo huu ni wa kumtengenezea taa inayong'aa kidogo mkono unapoikaribia na kuwaka kabisa inapoguswa. Ni taa ya sola na betri, isiyotegemea laini ya Kenya Power wala waya uliovutwa kutoka kwa jirani.

Namwandikia fundi wa simu, redio au sola wa Kibera na Kawangware ambaye tayari anajua kulehemu na kusoma mita. Kama bado hujui, keti kwanza na fundi mmoja karibu na Soko la Toi au pale 46 Kawangware umtazame akifanya kazi, maana kulehemu hakufundishwi kwa maandishi.

Vifaa vyenyewe utavipata Luthuli Avenue na barabara zinazoizunguka. Kununua si kazi. Kazi ni kuelewa mambo mawili. La kwanza, kihisi cha taa hii hushinda na kulala kikisubiri tu, na kusubiri huko ndiko kunakomaliza betri. La pili, mkono huhisiwa kupitia nyumba yenyewe: ukuta wa mabati, sakafu, unyevu, chaja iliyochomekwa. Fundi anayenunua chipu nzuri na kuyasahau haya atauza taa inayozimika baada ya siku nne, au inayojiwasha yenyewe usiku kucha.

Hesabu ya kusubiri

Chukua betri moja ya lithiamu aina ya 18650, ile ya mviringo inayotolewa ndani ya betri za laptopu zilizokufa. Tuseme bado inashika miliampea-saa 2,000. Sasa iunganishe na kile kihisi cha bei nafuu cha infraredi chenye diodi mbili zinazochungulia mbele, moja nyeupe na moja nyeusi. Kinakula takriban miliampea 20 muda wote, mkono uwepo au usiwepo. Gawanya 2,000 kwa 20 upate saa 100. Ni siku nne tu, na taa haijawashwa hata mara moja.

Badala yake weka TTP223, chipu ya miguu sita iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, inayotengenezwa na kampuni ya Tontek ya Taiwan. Katika hali yake ya kubana matumizi, kwa volti 3, huhitaji takriban mikroampea 1.5. Kwa kiwango hicho betri ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 150 kuisha, yaani itakufa kwa uzee kabla chipu haijaimaliza. MPR121, ambayo ina njia 12 za mguso na moja ya ziada ya ukaribu, hula mikroampea 29 ikipima kila baada ya milisekunde 16. Hiyo ni karibu miaka minane.

Siri ya tofauti hiyo ni usingizi. Chipu huamka, hutazama mara moja, kisha hulala tena. Gharama yake ni kuchelewa kidogo: TTP223 ikiwa macho huitikia kwa takriban milisekunde 60, na ikiwa katika hali ya kulala huchukua kama 220 kuuona mguso wa kwanza. Kwa mama anayetafuta chupa ya maziwa, chini ya robo ya sekunde si kitu.

Lakini usiishie kwenye chipu. Nimeona taa nyingi zilizojengwa kwa kihisi cha mikroampea chache zikimalizwa na vitu vilivyokizunguka. Regyuleta ya AMS1117, iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu, yenyewe hula takriban miliampea 5 bila kulisha chochote, na hiyo inamaliza betri yetu kwa siku 16. Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba bodi ina umeme ikila miliampea 2, betri imekwisha baada ya siku 41. Arduino Uno nzima, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, hula zaidi ya miliampea 40, hivyo haifiki siku mbili na nusu. Basi ing'oe ile taa nyekundu kwa ncha ya chuma chako cha kulehemia. Kama huna budi kutumia regyuleta, tafuta MCP1700, ambayo hula mikroampea 1.6 hivi. Iliyo bora zaidi ni kutokuwa na regyuleta kabisa. TTP223 hufanya kazi kuanzia volti 2.0 hadi 5.5, kwa hiyo huishi salama juu ya betri ya lithiamu inayopanda hadi 4.2 na kushuka hadi 3.0. MPR121 haivumilii hivyo: mwisho wake ni volti 3.6, na ukiiunganisha moja kwa moja na betri iliyojaa utaiua.

Mkono unahisiwaje

Pedi ya kugusia ni kipande cha shaba au foili kilichounganishwa na mguu mmoja wa chipu. Chipu hukijaza chaji na kuitoa, tena na tena, ikipima kiasi kinachobebwa. Mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo kidole kikisogea karibu, pedi hubeba chaji zaidi kidogo. Nyongeza hiyo ni pikofaradi chache tu, na mara nyingine haifiki hata moja. Kidole hakihitaji kugusa chuma. Plastiki ya milimita moja au mbili katikati haizuii kitu, mradi iwe imeshikana na pedi bila pengo la hewa.

Kwa hiyo ukaribu na mguso ni jambo moja lililopimwa kwa vipimo viwili. Mkono ulio mbali kidogo huleta badiliko dogo, na kidole kilichogusa huleta kubwa. Chipu zinazounganisha kazi hizi mbili huweka mstari wa chini kwa ukaribu na wa juu kwa mguso. Wazo lenyewe ni la zamani. Mnamo 1920 hivi, Mrusi Lev Termen aliunda ala ya muziki inayopigwa kwa kusogeza mikono hewani, na mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson alichapisha maelezo ya kioo kinachohisi kidole. Bara letu pia limo katika kazi hii leo: kampuni ya Azoteq, yenye makao Paarl huko Afrika Kusini, husanifu chipu za miguu sita zenye njia mbili za kutokea, moja ikisema mkono uko karibu na nyingine ikisema mkono umegusa. Ukiweza kuagiza hizo, kazi yako itakuwa nyepesi zaidi. Zilizojaa madukani Nairobi ni TTP223, kwa hiyo nitaifuata hiyo.

Umbali wa kuhisi hutegemea ukubwa wa pedi kuliko kitu kingine chochote. Pedi ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 itauona mkono ulio sentimita moja au mbili mbali. Ukitaka uonekane kwa sentimita sita au nane, pedi iwe pana kama kiganja, au utepe mrefu unaozunguka taa. Usitarajie mita moja kutoka kwenye betri ndogo na foili, na anayekuahidi hivyo ana kifaa cha aina nyingine.

Kuijenga

Mwili wa taa ni mkebe wa plastiki. Ule wa Blue Band wa gramu 500 unafaa sana, kwa kuwa plastiki yake ni nyembamba, inakatika kwa wembe, na haina rangi ya chuma. Mikebe iliyopakwa rangi ya fedha iepuke, kwa sababu rangi nyingine huwa na unga wa chuma ndani na itaficha mkono.

Tumia bodi mbili ndogo za TTP223. Ya kwanza ni ya mguso. Pedi yake ibandike katikati ya kifuniko, upande wa ndani. Kwenye bodi hiyo kuna alama mbili zilizoachwa wazi, A na B. Ziba B kwa tone la solda, na kila mguso utawasha au kuzima. A iache. Ukiiziba, chipu itageuza mantiki yake na taa itawaka yenyewe mara tu umeme unapoingia. Kwenye nafasi ya kapasita iliyoachwa wazi weka takriban pikofaradi 20 ili kupunguza wepesi wake, isije ikaamshwa na mkono unaopita tu. Mtengenezaji anaruhusu kuanzia 0 hadi 50, na kadiri inavyozidi ndivyo chipu inavyozidi kuwa nzito ya kuhisi.

Ya pili ni ya ukaribu. Hiyo usiiwekee kapasita yoyote. Kwangua rangi ya juu ya pedi yake, lehemu waya mfupi, na huo waya uubandike kwenye utepe wa foili wenye upana wa sentimita mbili unaozunguka ndani ya mkebe karibu na kitako. Foili ya jikoni haishiki solda, kwa hiyo ibane kwa gundi na utepe wa shaba, au tumia utepe wa shaba kote. Waya usizidi sentimita tano, kwa sababu waya nao huhisi, na ukiupitisha karibu na betri utahisi betri badala ya mkono. Acha angalau sentimita tatu kati ya utepe huu na pedi ya mguso, zisiingiliane. A na B zote ziache wazi, ili mwanga uwepo mkono ukiwa karibu na uzimike mkono ukiondoka.

Chipu haiwezi kuwasha taa yenyewe, kwani njia yake ya kutokea hubeba miliampea chache tu. Kila moja iongoze mosfeti ndogo, kwa mfano AO3400, inayofunguka vizuri hata kwa volti 2.5. Weka rezista ya kilo-omu 100 kutoka geti hadi upande hasi. Mosfeti ya ukaribu iwashe diodi moja nyeupe kupitia rezista ya omu 470, upate takriban miliampea 2, mwanga wa kumwonyesha mtu taa iko wapi bila kumwamsha mtoto. Mosfeti ya mguso iwashe diodi tano, kila moja na rezista yake ya omu 47, jumla kama miliampea 100. Usiziunganishe zote tano kwenye rezista moja, maana yenye volti ndogo itajichukulia umeme mwingi kuliko wenzake na kuungua kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja utakaokutana nao hapa. Betri ikiwa dhaifu, diodi tano zinapowaka volti hushuka ghafla, na chipu huona kushuka huko kama mkono umeondoka au umekuja. Taa huanza kupepesa. Dawa yake ni kuilisha chipu kupitia rezista ya omu 100, ukiweka kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme.

Kuhusu kuchaji, ile bodi ya TP4056 yenye ulinzi wa betri ndani yake ndiyo inayofaa. Huja na rezista ya kilo-omu 1.2 inayoruhusu ampea nzima. Ibadilishe kwa ya kilo-omu 5 upate takriban miliampea 250, ambazo betri kuukuu itazivumilia; paneli ya wati moja ya volti 6 itatoa chini ya hapo. Betri iliyokutwa chini ya volti 2.5, au inayopata joto ikichajiwa, usiifufue. Nyumba za Kibera zimeshikana ukuta kwa ukuta, na moto wa chumba kimoja huwa moto wa ploti nzima. Betri za namna hiyo zifunge ncha kwa utepe na uzipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, kama vile WEEE Centre hapa Nairobi. Zisitupwe kwenye mtaro.

Mabati

Hili ndilo jambo ambalo karatasi za watengenezaji hazitakueleza, kwa kuwa waliozitunga hawakufikiria ukuta wa mabati.

Pedi ikikaa karibu na bati, uga wake wa umeme hunywewa na bati badala ya kutoka mbele kukutana na mkono. Taa iliyohisi kwa sentimita nane juu ya meza yako ya kazi huhisi kwa mbili ikitundikwa ukutani. Kwa hiyo usiigandishe kwenye bati. Itundike kwenye mti wa nguzo au boriti, au weka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita tatu katikati.

Bati hilo hilo linaweza kukusaidia ukilitumia upande unaostahili. Kifaa cha betri hakina athi. Upande wake hasi unaelea hewani, na chipu hupima mkono kwa kulinganisha na kitu kidogo kama betri yenyewe. Ndiyo maana taa hiyo hiyo huhisi kwa nguvu ikiwa imeunganishwa na kompyuta mezani, kisha hulegea ukichomoa waya. Kamwe usirekebishe kapasita wakati kifaa kiko kwenye kompyuta. Irekebishe kikiwa kwenye betri yake, mahali kitakapoishi. Kisha bandika foili pana nyuma ya mkebe, upande unaotazama ukuta, na uiunganishe na hasi ya betri. Foili hiyo itaungana na bati kupitia ubao bila kuligusa, na ukuta mzima utakuwa athi ya taa yako. Uthabiti utaongezeka waziwazi.

Lakini usilehemu wala usifunge waya kati ya hasi na bati. Katika nyumba ambazo stima imeingizwa kwa waya uliochubuka, bati linaweza kuwa na umeme wa volti 240, na watu wamekufa kwa kuliegemea. Kabla ya kutundika chochote, gusisha testa kwenye bati. Ikiwaka, acha kazi ya taa, waonye wenye nyumba na majirani, na utafute waya huo.

Unyevu una tabia yake. Chipu hizi hujirekebisha polepole, kwa hiyo ubaridi wa Julai na jasho la mabati alfajiri hazizisumbui sana. Tone linalodondoka kutoka paa wakati wa mvua ya Aprili huzisumbua, kwa sababu huja ghafla kama kidole. Itundike taa mbali na mahali panapovuja. Masizi ya koroboi yakichanganyika na unyevu hutengeneza ngozi nyembamba inayopitisha umeme na kuitandaza pedi hadi isikotakiwa. Mwambie mwenye taa aipanguse kwa kitambaa kikavu. Mwambie pia kwamba akiirudishia taa umeme aondoe mkono na asubiri kwa sekunde moja, maana chipu hujipima katika nusu sekunde ya kwanza, na mkono ukiwepo itaudhania kuwa sehemu ya nyumba.

Chaja

Wateja wataomba tundu la kuchajia kwa stima, kwa siku ambazo jua halionekani. Wawekee, lakini ujue kitakachotokea. Umeshaona simu ambayo kioo chake hurukaruka na kujibonyeza ikiwa kwenye chaja ya bei ya chini, kisha ikatulia ikichomolewa. Simu hiyo si mbovu. Chaja ya pini mbili haina athi. Umeme wake hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele ya kukatwa huko huvuja hadi upande wa pili. Chaja iliyotengenezwa vizuri ina kapasita maalumu ya usalama inayoirudisha kelele hiyo ilikotoka. Mtengenezaji wa chaja ya kutupa huiacha ili apunguze gharama. Kifaa kizima hupanda na kushuka kwa volti nyingi, na chipu inayotafuta badiliko la pikofaradi moja huona mikono kila mahali.

Ukiongeza kapasita ya pedi utapunguza tatizo lakini pia utaua ukaribu. Njia safi ni swichi ya kutelezesha inayokata umeme wa vihisi wakati wa kuchaji. Taa haitahisi mkono kwa saa hizo, na mteja akielezwa mapema hatalalamika.

Bomba na simu

Fundi aliyeshaunda taa huulizwa mara moja: mbona usitengeneze bomba la kunawa lisiloguswa? Machi 2020, kisa cha kwanza cha Korona kilipothibitishwa nchini, madumu ya kunawia mikono yaliwekwa kila mlango. Jibu langu ni kwamba hapo kanyagio la mguu hushinda kihisi. Juni mwaka huo mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma alitunukiwa nishani na Rais kwa kanyagio la mbao na kamba, na hakukosea hata kidogo: halina betri, na likivunjika seremala yeyote hulitengeneza. Maji ya bomba ni adui wa pedi, kwani mkondo unaotiririka huonekana kama mkono usioondoka.

Ikiwa ni lazima uweke kihisi bombani, utalazimika kutumia infraredi, na hapo kuwa mwangalifu kwa jambo linalowahusu watu wetu moja kwa moja. Kihisi cha infraredi hutegemea mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi. Mwaka 2017 ilisambaa duniani video ya mashine ya sabuni iliyokataa mkono wa mtu mweusi na kuukubali wa mweupe. Yaelekea kiwango kilikuwa kimewekwa kwa mikono ya watu wengine. Zungusha kile kiskurubu cha bluu kilicho kwenye bodi ya kihisi ukitumia mikono ya watu watakaonawa hapo, mikavu na yenye maji, kivulini na juani, maana jua lenyewe limejaa infraredi na hupofusha vihisi vya bei nafuu. Kihisi cha chaji, kile cha taa yetu, hakijali rangi ya ngozi hata chembe, na hiyo ni sababu kubwa ya mimi kukipenda.

Ujuzi huu utakulipa pia kwenye simu. Mteja akileta simu inayokuwa nyeusi akipiga na kukataa kurudi, usikimbilie kubadilisha kioo. Ondoa kwanza ile protekta. Nyingi zina ukingo mweusi unaoziba kihisi cha ukaribu kilicho karibu na spika ya sikioni. Kama tatizo liko pale pale, fungua na utazame kile kiraba kidogo kinachotenganisha diodi inayotoa mwanga na inayoupokea. Kikikosekana baada ya kubadilishwa kioo, mwanga hurudi ndani kwa ndani na simu hudhani iko sikioni daima. Kamera ya mbele ya simu nyingine mara nyingi huona diodi ya infraredi ikimetameta wakati wa kupiga, na hivyo utajua kama inatoa mwanga. Simu nyingi za Samsung huonyesha vipimo vya kihisi hicho ukipiga *#0*#. Baadhi ya simu mpya hazina diodi hizo kabisa, bali hutumia sauti isiyosikika kwa sikio, teknolojia inayouzwa na Elliptic Labs ya Norway. Kwa hizo, utachosafisha ni matundu ya spika na maikrofoni.

Kupima kabla ya kuuza

Mita ya bei nafuu inaweza kupima mikroampea ukiisaidia. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya betri na saketi, na upime volti kwenye rezista hiyo ukiwa kwenye kipimo cha milivolti 200. Milivolti moja ni mikroampea moja. Kwanza iruke rezista kwa waya ili chipu zijipime na kutulia, kisha ondoa waya na usome bila kusogeza mkono karibu. Chipu mbili na bodi ya ulinzi hazipaswi kuzidi mikroampea 15 kwa jumla. Ukiona 200, kuna taa ya kuonyesha umeisahau au solda imemwagika mahali. Ukiona milivolti zimepita 200 kabisa, taa yenyewe imewaka na unapima kitu kingine.

Kisha ichaji betri ijae, iache ipumzike kwa saa chache, na uandike volti zake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko pamoja na tarehe, ukubwa wa kapasita ya pedi na thamani ya rezista ya kuchaji, ili fundi mwingine atakayeifungua asianze kubahatisha. Itundike taa kwenye ukuta wa bati, ubao ukiwa katikati, mahali ambapo hakuna atakayepita karibu nayo, na usiiguse kwa siku tatu. Volti ya betri ikishuka kwa 0.1 au zaidi, chomoa betri, ichaji tena na uipumzishe peke yake kwa siku tatu nyingine. Betri ikishuka peke yake, ibadilishe. Isiposhuka, rudi kwenye bodi na utafute kinachovuja kabla taa haijaenda kwa mteja.